Uvimbe unaodunda baada ya katheta usipasuliwe

Kwa Mhariri,

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 34. Niliianzia katika hospitali kuu ya Kisumu, ile ambayo wakazi hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, na tangu nistaafu nimejizuia kuandika magazetini kuhusu kazi niliyoiacha mikononi mwa wengine. Naandika sasa kwa sababu ya jambo lililompata kaka yangu mkubwa mwaka jana, na kwa sababu tangu siku hiyo nimegundua kwamba hata watu wa afya niliowahi kufanya kazi nao hawafahamu kuwa lina tiba nyepesi ya sindano.

Kaka yangu ana umri wa miaka 67 na anaishi Ahero, ambako amelima mpunga tangu ujana wake. Kifua kilipoanza kumbana kila alipotembea kwa haraka, alipelekwa Nairobi kuchunguzwa mishipa ya moyo. Mrija mwembamba, yaani katheta, ulipitishwa kutoka kwenye ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya kinena cha kulia hadi moyoni, mahali palipoziba pakaonekana, na siku hiyohiyo pakapanuliwa na kuwekwa stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Kazi ya moyo ilifanywa vizuri na sina lawama nayo hata kidogo. Kesho yake aliruhusiwa kuondoka akiwa na mfuko wa dawa, zikiwemo aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande ndani ya stenti, akapanda basi na kusafiri kupitia Nakuru, Kericho na Awasi, saa nane nzima akiwa amekunja paja kwenye kiti chembamba. Hakuna aliyekuwa amemweleza asifanye hivyo, wala alichopaswa kukichunguza kwenye lile tundu dogo la kinena.

Kufikia siku ya nne uvimbe wenye ukubwa wa ndimu ulikuwa umejitokeza, na ngozi ilikuwa imevilia damu hadi katikati ya paja. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, aliukanda kwa maji moto ya chumvi asubuhi na jioni. Maumivu yalipozidi walikwenda kwenye kliniki ya karibu, na mimi nikafika kutoka Mamboleo wakati kijana aliyekuwa zamu amekwisha kuvaa glavu na kuandaa kisu, pamba na beseni.

“Mama, hili ni jipu,” aliniambia kwa upole. “Tukitoa usaha atalala vizuri leo.”

“Daktari, samahani,” nilimwambia, “hebu weka vidole viwili hapa kwanza, usibonyeze.”

Aliweka. Uvimbe ulikuwa ukidunda sambamba na moyo, na chini ya vidole kulikuwa na mtetemo kama wa simu iliyozimwa sauti. Alirudisha mkono wake, akanyamaza kidogo, kisha akakiweka kisu chini na kuniuliza tufanye nini. Kijana huyo namheshimu kwa kunyamaza kule. Alifundishwa kwamba uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu ni jipu, na mara nyingi huwa ndivyo. Hakuna aliyewahi kumwonyesha uvimbe wa namna ile. Lakini kisu kile kingefungua mfuko unaojazwa moja kwa moja na ateri kubwa ya paja, katika chumba kisicho na damu ya kuongezwa wala mpasuaji, na kwa mtu ambaye dawa zake zinazuia damu kuganda. Dakika chache zingetosha kumuua.

Naomba nieleze uvimbe huo ni nini, kwa maana tiba yake haieleweki bila kuelewa unavyotokea. Mrija unapochomolewa kwenye ateri, tundu lililobaki linatakiwa kuzibwa na donge la damu wakati muuguzi au daktari analibana kwa mkono, kwa kawaida dakika 15 hadi 20, kisha mgonjwa alale chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu. Tundu lisipoziba sawasawa, damu hutoka nje ya ateri kwa kila pigo la moyo na kujichimbia nafasi ndani ya nyama za paja. Nafasi hiyo huzungukwa na damu iliyoganda na nyama zilizosukumwa, ikawa mfuko ulioungana na ateri kwa njia nyembamba tunayoiita shingo. Wataalamu huuita aneurisimu bandia, na neno bandia lina maana yake: katika aneurisimu ya kweli ni ukuta wa ateri wenyewe uliotanuka, ilhali hapa mfuko hauna ukuta wa ateri hata kidogo, ndiyo maana unaweza kupasuka. Damu huingia ndani yake moyo unapopiga na hurudi kwenye ateri moyo unapolegea, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakoonekana wazi kwenye mashine ya altrasaundi yenye dopla, yaani inayoonyesha mwendo wa damu, rangi nyekundu na ya buluu zikizungukana ndani ya mfuko.

Mahali sindano ilipochoma pana uzito mkubwa. Tangu Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi alipochapisha mwaka 1953 njia yake ya kuingiza sindano, kisha waya, kisha mrija juu ya waya, ateri ya kinena imekuwa mlango mkuu wa kuingilia mwilini kwa sababu hapo inapita mbele ya kichwa cha mfupa wa paja, na mkono unaobana hupata mfupa wa kuegemea. Daktari akichoma chini ya hapo, nyuma ya ateri hakuna mfupa, bali nyama laini tupu, na kubana hakufai kitu. Hapo ndipo mifuko ya namna hii hutokea kwa wingi. Akichoma juu mno, damu inaweza kuvujia ndani, nyuma ya tumbo, na mgonjwa akapoteza lita nzima bila kinena kuvimba hata kidogo. Unene wa mwili, shinikizo la juu la damu, mrija mnene na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari hiyo, na kaka yangu alikuwa na matatu kati ya hayo manne.

Zamani jibu la mfuko huu lilikuwa moja tu, yaani chumba cha upasuaji: kupasua kinena, kushika ateri juu na chini, kusafisha damu iliyoganda na kushona tundu. Nimewahi kusimama kando ya meza kwenye upasuaji wa namna hiyo. Kushona kwenyewe ni mishono michache, lakini kidonda cha kinena ni kidonda kigumu, kina jasho na mikunjo, huingia wadudu kwa urahisi, na wagonjwa hawa aghalabu ni wazee wenye kisukari na moyo dhaifu ambao usingizi wa dawa peke yake ni hatari kwao. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walieleza njia ya kubana shingo ya mfuko kwa kutumia kifaa chenyewe cha altrasaundi, huku wakitazama kwenye kioo hadi damu isimame ndani ya mfuko lakini iendelee kupita kwenye ateri. Njia hiyo iliwaepusha watu wengi na kisu, ila ina maumivu makali, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na hushindwa mara nyingi kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye ndiye hasa anayepatwa na tatizo hili.

Tiba iliyobadilisha mambo ni thrombini. Hiki ni kimeng'enya ambacho mwili wenyewe hukitumia kugeuza protini ya damu iitwayo fibrinojeni kuwa nyuzi za fibrini, zile zinazoshika damu na kuifanya donge. Cope na Zeit, madaktari wa Marekani, walichapisha mwaka 1986 taarifa ya kuichoma moja kwa moja ndani ya aneurisimu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 njia ya kuichoma kwa kuongozwa na altrasaundi ilienea. Ngozi hutiwa ganzi, sindano nyembamba huingizwa hadi ncha yake ionekane kwenye kioo kama nukta nyeupe ndani ya mfuko, mbali na shingo, kisha dawa hutiwa kidogo kidogo. Kiasi kinachotosha mara nyingi ni uniti mia chache. Katika ripoti nyingi za kitabibu njia hii hufaulu kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100, wakiwemo wale ambao hawajaacha dawa zao za kuzuia damu kuganda.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Tulipotoka kwenye ile kliniki tulikwenda katika hospitali ya umma ambako mfuko ulipimwa na kukutwa una sentimita 3.5, na mtaalamu wa picha, kijana wa kike mwenye mikono imara na subira nyingi, akajaribu kuubana kwa vipindi vinne vya dakika kumi. Kaka yangu aliuma shuka asipige kelele. Kila mtaalamu alipoachia, rangi zilirudi kwenye kioo. Thrombini haikuwepo. Tuliambiwa tusubiri mpasuaji wa mishipa, na kwamba kabla ya upasuaji huenda ikabidi klopidogreli isimamishwe kwa siku kadhaa. Mtu yeyote aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa moyo anajua maana ya kusimamisha dawa hiyo kwa mwenye stenti ya siku nne: stenti inaweza kuziba kwa ghafla, na tukampoteza mtu kwa moyo tuliokwenda kuutibu, kwa sababu ya tundu la milimita mbili kinenani.

Kwa simu nyingi, na kwa fadhila ya mwanafunzi wangu wa zamani, tulimpata daktari wa radiolojia katika mji mwingine, saa mbili na nusu kwa gari la kukodi, aliyekuwa na dawa na uzoefu. Nilisimama mguuni pa kitanda. Daktari alipima kwanza mapigo ya mguuni, akayaandika, akatia sindano ya ganzi, akachoma dawa. Rangi zile nyekundu na buluu zilizokuwa zikizunguka zilikatika mfukoni kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi na tano, na ateri iliyo chini yake ikaendelea kupitisha damu kama kawaida. Akapima tena mapigo ya mguu. Kaka yangu aliuliza wataanza lini, kwa maana alidhani sindano aliyoisikia ilikuwa bado ile ya ganzi. Alilazwa usiku mmoja, picha ikarudiwa asubuhi, tukarudi Ahero bila mshono wowote na bila kukosa hata kidonge kimoja cha dawa za moyo.

Sitaki msomaji afikiri kwamba sindano hii ni ya kila mtu. Mfuko mdogo, wa chini ya sentimita 2, kwa mgonjwa asiye na maumivu wala dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi huziba wenyewe, na inatosha kuutazama kwa altrasaundi baada ya siku chache na tena baada ya wiki. Mfuko wenye shingo pana na fupi haufai kuchomwa thrombini kiholela, kwani dawa ikiponyokea kwenye ateri hugandisha damu ya mguu, na hapo mguu wenyewe huwa hatarini. Thrombini inayotokana na ng'ombe inaweza kusababisha mzio. Na yapo mazingira ambayo kisu ndiyo tiba sahihi na hakipaswi kucheleweshwa: mfuko unaokua kwa kasi, ngozi iliyoanza kufa juu yake, maambukizi, mguu uliopoa, mshipa wa fahamu uliobanwa, au mgonjwa anayepoteza damu na presha kushuka. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo ufanywe na mtu anayetazama picha ya dopla, akiwa na njia zote mbele yake, wala usifanywe na rafu tupu ya dawa.

Hospitali zetu hazianzi na mikono mitupu. Tangu mpango wa vifaa vya matibabu wa serikali ya kitaifa ulioanza mwaka 2015, hospitali za kaunti zilipata mashine za picha na za kusafisha damu, na altrasaundi sasa ni kitu cha kawaida hata katika vituo binafsi vya mitaani. Mashine ipo, na mtu wa kuiendesha yupo. Kinachokosekana ni kichupa cha dawa kwenye jokofu au kabati, na daktari mmoja au wawili katika kila hospitali ya rufaa waliofundishwa kuichoma. Kwa kuwa wagonjwa hawa si wengi kwa mwezi, najua mfamasia atasema dawa itaharibika kabla haijatumika. Basi iwekwe mahali pamoja kwa kanda nzima ya ziwa na magharibi, na kila hospitali iwe na namba ya simu ya mahali hapo ukutani. Kumpelekea mgonjwa dawa kwa gari la saa mbili ni rahisi kuliko kumpeleka mgonjwa mwenye uvimbe unaodunda kwenye barabara yenye matuta.

Nimeeleza habari za moyo kwa sababu ndiko jambo lilikotukuta, lakini kwa niliyoyaona wodini, wagonjwa wa figo ndio wanaopaswa kutushughulisha zaidi. Mgonjwa anayeanza kusafishwa damu kwa dharura huwekewa katheta yenye unene wa karibu milimita 4 katika vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya shingo au ya kinena, na katika sehemu zote mbili ateri iko jirani kabisa na vena. Sindano ikikosea kidogo huingia kwenye ateri. Ndiyo maana Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya tiba, ilipendekeza tangu mwaka 2002 kwamba mirija ya vena kubwa ya shingo iwekwe kwa kutazama altrasaundi wakati wa kuchoma, badala ya kutegemea kupapasa tu. Nimeona katika maisha yangu ya kazi madaktari hodari waliojivunia kuchoma kwa kupapasa. Wengi wao hawakukosea, ila aliyekosewa mara moja hulipa peke yake.

Likitokea kosa hilo, kuna jambo moja ambalo ningependa kila muuguzi wa kitengo cha figo alijue kama anavyolijua jina lake. Ikiwa sindano nyembamba peke yake imegusa ateri, huchomolewa na mahali pakabanwa. Lakini ikiwa katheta nene imekwisha kuingia ndani ya ateri ya shingo, isichomolewe kwa haraka. Silika ya kila mtu ni kuitoa na kubana, na silika hiyo ni mbaya, kwa sababu tundu la ukubwa ule haliwezi kubanwa shingoni bila kuzuia damu ya ubongo au kuacha damu ikijaa na kuziba koo. Wagonjwa wamepata kiharusi kwa njia hiyo. Katheta iachwe pale ilipo, ifungwe vibanio vyake, isitumike, na mpasuaji wa mishipa aitwe au mgonjwa ahamishwe nayo ikiwa mwilini. Kwa ateri zilizojificha, kama ile iliyo chini ya mtulinga, tundu linaweza kuzibwa kutoka ndani kwa stenti iliyovikwa kitambaa, ikaingizwa kupitia ateri nyingine na kufunguliwa mbele ya tundu kama kiraka cha ndani. Kinenani stenti hiyo haipendelewi sana, kwa sababu kila mtu anapoketi au kuchutama hukunja mahali hapo, na kitu kinachokunjwa kila siku huvunjika.

Kuhusu kuzuia, habari njema ni kwamba madaktari wa moyo wengi duniani sasa huingilia kifundo cha mkono badala ya kinena. Lucien Campeau wa Montreal aliieleza njia hiyo mwaka 1989 kwa uchunguzi, na Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaanza kuweka stenti kwa njia hiyo mwaka 1992. Ateri ya kifundo iko juu juu, inabanika kwa mkanda mdogo, na mgonjwa huketi na kunywa chai yake muda mfupi baadaye. Miongozo ya Ulaya na Marekani huipendekeza kwanza pale inapowezekana, kwa sababu hupunguza kuvuja damu. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake iwapo mkono unafaa. Hata hivyo mwenye figo dhaifu anaweza kuambiwa kwamba mkono wake unatunzwa, kwa kuwa ateri na vena za mkono huo huenda zikahitajika kuunganishwa kwa ajili ya kusafisha damu kwa miaka ijayo, na jibu hilo ni la busara. Kwa hiyo kinena kitaendelea kuchomwa, nasi tutaendelea kuhitaji watu wa kukitibu kinapovuja.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa faida, hatari na matokeo ya matibabu anayopewa, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Kaka yangu alipewa karatasi mbili za Kiingereza zilizojaa vifupisho, ambazo hata mimi nilizisoma mara mbili. Nimeandika ukurasa mmoja ambao ningetamani angepewa yeye kabla ya kupanda lile basi, nami nauweka hapa ili yeyote aweze kuutumia:

“Umechomwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kwa siku hizi chache usibebe mzigo mzito, usichutame, usipande boda boda, na kama ni lazima usafiri mbali, nyoosha mguu na upumzike njiani. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukienda msalani, bana mahali hapo kwa kiganja. Kila asubuhi na jioni paangalie na upaguse taratibu. Damu ikitoka, lala chali, mtu abane kwa nguvu bila kuachia, na mwite msaada. Ukiona uvimbe unaokua au unaodunda, maumivu yanayoongezeka, au mguu ukiwa wa baridi, mweupe au wenye ganzi, nenda hospitali yenye altrasaundi siku hiyohiyo. Ukipata maumivu ya mgongo au ya ubavu pamoja na kizunguzungu na jasho la baridi, nenda saa hiyohiyo hata kama kinena hakijavimba. Usikande kwa maji moto, usichue kwa dawa yoyote, na usikubali mtu yeyote apasue uvimbe huo kabla haujapigwa picha. Usiache dawa za moyo bila kuambiwa na daktari wako. Waonyeshe karatasi hii wahudumu popote utakapokwenda.”

Ukurasa huo nimekwisha kuuandika pia kwa Dholuo, kwa ajili ya wifi yangu, ambaye ameubandika nyuma ya mlango wa jikoni. Wauguzi wenzangu wawili wastaafu, mmoja wa Kakamega na mwingine wa Kapsabet, wamekubali kuutafsiri kwa Kiluhya na Kikalenjin bila malipo. Hospitali, kliniki au chuo cha matabibu kitakachouhitaji kiandikie dawati lako, nami nitautuma. Na kama kipo chuo kitakachotaka wanafunzi wake wafundishwe kutofautisha jipu na ateri kwa vidole viwili, nitakuja mwenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Mamboleo, Kisumu